Kazi ya Mwanafunzi Ifanywe na Mwanafunzi

Yako mafunzo yaingiayo kwa sikio, na yako mafunzo yaingiayo kwa mkono. Shule njema huyatumia yote mawili, wala haliachi moja kwa ajili ya jingine. Wazee walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta yaonekana kwa macho na kushikwa kwa vidole, lakini mwenye njaa hashibi kwayo. Ndivyo alivyo mtoto ajuaye kwa moyo kila neno la kitabu, asiweze kulitumia hata moja nyumbani kwao.

Kwa sababu hiyo ni jambo la kushukuru kwamba wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi hupewa kazi za kutenda. Katika nchi ya Kenya mtaala wa umilisi ulianza kujaribiwa mwaka 2017, ukaenea katika shule zote tangu 2019. Nao wataka mwanafunzi aonyeshe awezayo kufanya, si ayakumbukayo tu. Katika Tanzania Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kila shule iwe mahali pa kazi pia. Basi hatubishani kama kazi hizo zafaa. Swali letu ni hili: ni nani azifanyaye?

Tazameni yatokeayo mara nyingi. Mwalimu aagiza kila mtoto alete mfano wa nyumba. Jioni baba atafuta mbao, mama anunua gundi na karatasi za rangi dukani, na kaka mkubwa akata na kupaka. Mtoto amekwisha kulala. Asubuhi aichukua ile nyumba nzuri kichwani, naye asifiwa mbele ya wenzake. Je, nani amejifunza? Kaka amejifunza, na mwenye duka amepata fedha. Mtoto amejifunza jambo moja tu, nalo ni baya: ya kuwa sifa yaweza kupatikana kwa kazi ya mtu mwingine.

Na hapo kando ameketi mtoto wa mjane, ambaye mama yake hakuwa na fedha ya gundi. Ameijenga nyumba yake kwa udongo na vijiti, kwa mikono yake mwenyewe, nayo imepinda upande mmoja. Wenzake wamcheka. Nami nasema kwamba nyumba ile iliyopinda ndiyo pekee iliyostahili kuletwa darasani. Aliyeijenga ajua kwa nini imepinda, na kesho aweza kuinyosha.

Basi kazi njema ya darasani yapimwa kwa mambo matatu. Kwanza, iwe na swali ambalo wanafunzi hawajui jibu lake. Pili, itumie vitu vipatikanavyo karibu pasipo gharama. Tatu, ifanywe na wanafunzi wenyewe, na yaliyoonekana yaandikwe kwa kweli.

Chukueni mfano wa kupima mvua. Kopo moja tupu lenye mbavu zilizonyoka, na rula, vyatosha darasa zima. Kopo huwekwa mahali peupe, mbali na miti na mapaa, likizungushiwa mawe lisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi wanafunzi wawili hupima kina cha maji kwa milimeta, huandika daftarini, kisha huyamwaga. Siku isiyo na mvua huandika sifuri, kwa maana sifuri nayo ni habari. Wengine watauliza kama kopo pana litapata mvua nyingi kuliko jembamba. Mwalimu mwenye hekima hatawajibu. Atawaambia wayaweke yote mawili na kupima. Ndipo watakapoona kwamba kina ni kimoja, ingawa maji ya kopo pana ni mengi.

Kutoka hapo hesabu yaanza kuwa na uhai. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Ikiwa paa la darasa limefunika ardhi yenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5, hizo ni meta 40 za mraba. Mvua ya milimeta 12 itashusha juu ya paa hilo lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Mengine hurukia kando na kupotea, lakini mengi yaweza kukingwa. Wasichana waliokuwa wakienda mtoni kuteka maji ya shule watauliza mara moja kwa nini shule haina mfereji wala pipa. Hilo ni swali kubwa, nalo limezaliwa na kopo tupu.

Wako wasemao kwamba mambo haya hupoteza wakati, na mtihani u karibu. Hofu yao si ya bure, kwa kuwa mtihani hufungua mlango au huufunga. Lakini kupima kopo ni kazi ya dakika chache kila siku. Na tena, eneo, ujazo na wastani ni mambo ya mtihani huo huo. Aliyehesabu maji ya paa lake hatayasahau upesi kama yule aliyekariri kanuni peke yake.

Wako na wengine wadhanio kwamba kila jasho la mtoto ni elimu. Huwapeleka watoto shambani kulima tangu asubuhi, pasipo kuwaambia kwa nini mbegu hii imechaguliwa, au mavuno yameuzwa kwa bei gani. Hilo si somo. Ni kibarua kisicho na ujira. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua kazi zao. Shamba huwa darasa pale mtoto apimapo tuta, ahesabupo mbegu, na kuisoma hesabu ya mavuno tangu mwanzo hata mwisho.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msaidieni mtoto kwa kumpa nafasi na maswali, lakini msimnyang'anye kazi yake. Enyi walimu, msiagize vitu vya dukani, wala msiupe uzuri wa rangi alama zinazostahili juhudi na ukweli. Nanyi wanafunzi, msione haya kwa kazi iliyopinda, iwapo ni yenu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na umaskini wa akili ni mzito kuliko wa mfuko. Atakayeulizwa, "Umefanyaje?" akaweza kueleza kila hatua, pamoja na ile aliyokosea, huyo amekwenda shule kweli.