Mtoto "Hasikii": Kauli Inayostahili Kuchunguzwa

Katika Kiswahili, kitenzi kusikia kina kazi mbili. Hutaja uwezo wa sikio kupokea sauti, na hutaja pia utii. Mama akisema "mtoto huyu hasikii", walio karibu humwelewa kuwa analalamikia ukaidi. Methali nazo zimekaa upande huohuo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Ni nadra mtu kuuliza swali linalopaswa kutangulia adhabu: je, masikio ya mtoto huyu yamewahi kupimwa?

Swali hilo linafaa kuulizwa katika eneo kama Mbozi Mission, mkoani Songwe, lenye hospitali ya Kanisa la Moravian na jamii inayoishi kwa kahawa, mahindi na biashara ya barabara iendayo mpakani Tunduma. Hapa, kama kwingineko nchini, kliniki ya mama na mtoto imekuwa desturi. Mama hufika na mtoto mgongoni, mtoto hupimwa uzito, huchomwa chanjo, na kadi hujazwa. Uzito una mizani yake na chanjo ina tarehe zake. Usikivu hauna kipimo cha namna hiyo. Upimaji wa usikivu wa kila mtoto mchanga, ambao katika nchi nyingi tajiri hufanywa katika siku za mwanzo za maisha, bado haujawa huduma ya kawaida Tanzania. Kinachobaki ni macho ya mzazi, na macho hayaoni sauti.

Kutokupima huzaa dhana kwamba tatizo ni nadra. Takwimu za dunia zinakataa dhana hiyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma za urekebishaji, na kati yao milioni 34 ni watoto. Katika makadirio yake ya mwaka 2012, shirika hilo liliweka kiwango cha watoto wenye upungufu mkubwa wa usikivu katika Afrika Kusini mwa Sahara kuwa karibu 2 katika kila 100. Kwa kadirio hilo, jamii yenye watoto 700 ingekuwa na watoto wapatao 13 wa aina hiyo. Mwalimu mkuu wa shule yenye wanafunzi idadi hiyo akiulizwa, huenda akamtaja mmoja, au asimtaje yeyote. Wengine wanajulikana kwa majina mengine: mzito wa kuelewa, mtoro, mkimya, mkaidi. Na wapo ambao hawakuandikishwa shule kabisa.

Kuna sababu za kitabibu zinazofanya upungufu huu ujifiche. Kwanza, mara nyingi hauumi. Pili, si kila asiyesikia vizuri ni kiziwi kabisa. Mtoto anaweza kusikia ngoma, pikipiki na mlango unaobamizwa, akakosa herufi nyepesi kama s, f na t zinazotofautisha neno na neno. Nyumbani anaitwa kwa sauti kubwa na anaitika. Darasani, nyuma ya wenzake 60, hupata nusu ya sentensi na kukisia iliyobaki. Tatu, mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na hutoa sauti za kitoto katika miezi ya mwanzo, kisha hufuata kwa macho kila kitu kinachotendeka. Wazazi hupata faraja, na ndugu husema kuna watoto wanaochelewa kusema. Miaka mitatu hupita kwa faraja hiyo.

Miaka hiyo ndiyo hasa isiyorudi. Ubongo wa mtoto hujenga lugha katika miaka michache ya kwanza, iwe Kinyiha, Kinyamwanga, Kiswahili au lugha ya alama. Ndiyo maana wataalamu wa usikivu wameweka lengo la kupima kabla ya mwezi mmoja, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi mitatu, na kuanza huduma kabla ya miezi sita. Mtoto anayegunduliwa akiwa na miaka saba amepoteza zaidi ya sauti. Amekosa lugha ya kuulizia, ya kuelezea maumivu, hata ya kusema kwamba ameonewa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili huzuilika. WHO inakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu utotoni hutokana na visababishi vinavyoweza kuepukwa, na sehemu hiyo ni kubwa zaidi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Rubela inayompata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito inaweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Surua, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, kuzaliwa njiti na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, vyote huweza kudhuru sikio la ndani au mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Dawa kama jentamaisini, ambayo huokoa maisha ya vichanga wengi, nayo huweza kudhuru usikivu, hasa kipimo kikizidi au tiba ikirefushwa. Tanzania imekwisha kuchukua hatua zenye faida kwa masikio, ingawa hazikutangazwa kwa jina hilo: chanjo dhidi ya bakteria wa Hib, mmoja wa wasababishi wa homa ya uti wa mgongo, iliingizwa mwaka 2009, na chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Kila mtoto anayekamilisha chanjo zake amepewa pia kinga ya masikio.

Kisababishi kingine hakihitaji mashine kukitambua, kwa kuwa kinaonekana na kinanuka: sikio linalotoa usaha. Utafiti wa Minja na Machemba, uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wanafunzi wa shule za msingi za Dar es Salaam, ulikuta ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi kwa watoto wa maeneo ya vijijini kuliko wa mjini. Nyumbani hutibiwa kwa mafuta ya moto au maji ya majani, au huachwa kwa imani kwamba mtoto akikua utakoma. Usaha unaodumu zaidi ya wiki mbili ni dalili kwamba ngoma ya sikio imetoboka na maambukizi yamekuwa sugu. Tiba ya mwanzo ni nyepesi: kukausha sikio mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa safi kilichosokotwa, dawa sahihi ya matone inayotolewa na mhudumu wa afya, na kuzuia maji yasiingie sikioni. Ukiachwa, usaha huo huweza kuharibu mifupa midogo inayopitisha sauti, na mara chache huweza kufika kwenye ubongo.

Hoja inayotolewa dhidi ya kupima ni nzito na haifai kupuuzwa. Husemwa kuwa kumgundua mtoto bila kuwa na tiba ni kumwongezea mama huzuni. Wataalamu wa masikio, pua na koo ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbozi, na kifaa chenyewe ni ghali. Hata shimesikio la kawaida huhitaji betri, marekebisho na ufuatiliaji.

Hoja hiyo, hata hivyo, huchukulia kwamba kila anayegunduliwa atahitaji upasuaji. Wengi hawatauhitaji. Kuna atakayetolewa nta iliyoziba na kusikia siku hiyohiyo. Kuna atakayekaushwa usaha. Kuna atakayehamishiwa dawati la mbele, mbele ya mwalimu anayejua kumtazama mtoto anapozungumza. Na yule ambaye ni kiziwi kabisa anahitaji jambo ambalo halina betri wala haliagizwi ng'ambo: Lugha ya Alama ya Tanzania, ikifundishwa kwake na kwa wazazi wake mapema. Elimu ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963, na Shule ya Viziwi Buguruni ikafuata mwaka 1974. Shule hizo na nyingine zimethibitisha kwamba kiziwi husoma. Huzuni kubwa si kujua. Ni kujua mtoto akiwa amekwisha kuchapwa viboko kwa miaka minne kwa kosa ambalo hakulitenda.

Kinachotakiwa, basi, kinaweza kuanzia kwenye benchi la kliniki. Katika kila hudhurio la chanjo, mama aulizwe maswali machache na majibu yaandikwe katika kadi. Je, mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo? Akiwa na miezi sita, je, hugeukia sauti ya mama kabla ya kumwona? Akija kwa chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa, je, hutoa silabi kama ba-ba na ma-ma, na huitikia jina lake? Katika miezi kumi na minane, je, ana maneno kadhaa? Jibu la "hapana" liwe sababu ya rufaa, si ya kuambiwa asubiri. Mtoto aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo, na mchanga aliyepata manjano kali, asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kupimwa usikivu. Na shuleni, mwanafunzi wa darasa la kwanza asimamiwe kwa nyuma, kwa umbali wa mkono mmoja, anong'onezwe maneno machache ayarudie. Kipimo hicho hakichukui nafasi ya vipimo vya hospitali, lakini humtenga anayehitaji kutazamwa na ambaye hahitaji.

Hakuna kati ya hayo linalongoja jengo jipya. Yanangoja uamuzi wa mamlaka za afya na elimu, na mafunzo mafupi kwa wauguzi, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hadi hapo, mzazi wa Mbozi ana haki ya kuianza hesabu hiyo mwenyewe. Siku atakaposikia mtu akisema mtoto wake hasikii, aichukue kauli hiyo kama ilivyotamkwa, ampeleke mtoto hospitalini, na fimbo ibaki chini.