Motaboti ya Hemingway Iliyopelekwa Lindo

Sisi wa mwambao tuna sehemu yetu katika habari za Ernest Hemingway, yule mwandishi wa Marekani. Alivua samaki Malindi mwanzoni mwa 1934, na 1954 akaja tena kuvua Shimoni. Aliporejea kwao baada ya safari ile ya kwanza, aliagiza motaboti yake mwenyewe katika kiwanda cha Wheeler, Brooklyn. Ni chombo cha mbao cha futi 38, akakiita Pilar.

Chombo hicho cha kuvulia nduaro kilitiwa katika kazi ya vita. Mwaka 1942 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za mafuta na za mizigo katika bahari ya Karibi, na manowari za Marekani hazikutosha. Hata mashua za anasa za matajiri zilipelekwa doria. Hemingway, ambaye wakati huo alikaa Cuba, alipata idhini ya balozi wa Marekani huko, Spruille Braden, akapewa petroli, redio, bunduki za rashasha na mabomu ya mkono. Shauri lake lilikuwa kujifanya mvuvi. Nyambizi ikizuka kumnyang'anya samaki, aisogelee, kisha mabomu yatupwe ndani ya tundu lake la juu!

Hapo ndipo wengi hucheka. Mkewe, Martha Gellhorn, aliiona kazi ile ni hila tu ya kupata petroli ya kuvulia. Mimi sicheki yote. Shauri la mabomu lilikuwa wazimu, maana nyambizi ina mzinga, na ingeweza kukivunja chombo kile kikiwa mbali. Lakini kulinda bahari si kupiga tu. Mtu aliyezoea kutazama ndege, mkondo na rangi ya maji huona upesi kitu kigeni juu ya bahari, na akiwa na redio, neno lake lina faida.

Wala hatari haikuwa ndoto. Tarehe 15 Mei 1943 mashua ndogo ya doria ya jeshi la Cuba, CS-13, iliizamisha nyambizi U-176 kaskazini ya kisiwa hicho hicho. Ndege ya Marekani ilitangulia kuiona, ikapaonyesha mahali kwa moshi, ndipo mashua ikaja na mabomu yake ya kina. Pilar haikuzamisha hata moja.

Linaloniudhi ni namna sifa zilivyogawanywa. Kila asimuliaye husema Hemingway aliwinda nyambizi. Usukani je? Chakula cha mabaharia je? Kazi hizo zilikuwa za Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Kanari, ambaye risasi isingembagua na tajiri wa chombo. Alifariki 2002, umri wake miaka 104. Pilar sasa iko nchi kavu, katika nyumba ya Hemingway karibu na Havana iliyofanywa makumbusho, na wageni wanaofika pale huuliza habari za tajiri kabla ya nahodha.