Afya ya jamaa: Jua na macho yetu



Wanafunzi wetu wanaujua mchezo wa kuwasha majani makavu kwa kioo cha kukuzia. Hukishika kioo juani, hutafuta mahali ambapo mwanga wote unakusanyika kuwa nukta moja, na kitambo kidogo moshi unatoka. Basi, ndani ya jicho la kila mtu mna kioo cha namna hiyo, laini na safi, na kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuutupa juu ya utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ambao waganga huuita retina. Katikati ya utando huo pana mahali padogo kuliko punje ya mtama. Ndipo hapo panapotuwezesha kusoma, kutia uzi katika sindano na kutambua uso wa mtu. Mtu akilikazia jua macho, nuru yote huangukia papo hapo.

Pengine utafikiri kwamba mtu huyo atasikia uchungu na kugeuza uso upesi. Hasikii. Utando ule hauna mishipa ya kusikia uchungu, na kwa hiyo mtoto aweza kuharibu macho yake huku anacheka na wenzake. Tena jeraha hilo kwa kawaida halifanani na nyama iliyoungua juu ya makaa. Nuru yenyewe ndiyo inayoziharibu chembe za utando, kama jua linavyochujua rangi ya kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba. Dalili huja baada ya saa chache, pengine kesho yake asubuhi: doa jeusi au la kijivu katikati ya kila kitu anachokitazama, mistari iliyonyoka kuonekana imepinda, rangi kufifia. Anatazama neno kitabuni, na herufi za katikati hazipo.

Mambo haya hayakujulikana jana. Isaac Newton, yule Mwingereza mwenye elimu kubwa, alimwandikia rafiki yake John Locke mwaka 1691 akimsimulia alivyofanya alipokuwa kijana. Alilitazama jua katika kioo cha kujitazamia, kwa jicho moja tu, akarudia mara chache. Kisha kila alichokitazama kilikuwa na sura ya jua juu yake, hata hakuweza kusoma wala kuandika. Ilimbidi ajifungie katika chumba chenye giza siku tatu, na kwa miezi kadhaa baadaye sura ile ilimrudia kila alipoifikiri. Tuangalie jambo moja: hakulitazama jua lenyewe, alitazama kivuli chake katika kioo.

Siku za hatari kuu ni zile za kupatwa kwa jua. Siku nyingine jua hujilinda lenyewe, kwani ukali wake hutufukuza. Lakini mwezi unapolifunika nusu au zaidi, ukali unapungua, watu wanastaajabu, na kila mmoja anataka kuona. Kumbe kile kipande kilichobaki, hata kikiwa chembamba kama ukucha, kina nguvu ile ile kwa kadiri ya ukubwa wake. Nchi yetu ya Kongo imepitiwa na mambo hayo mara tatu katika miaka michache: Jumapili tarehe 3 Novemba 2013, kivuli kilipovuka kutoka Gabon mpaka Uganda na Kenya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipobaki kama pete ya moto, hata kule Tanzania, na Jumapili tarehe 21 Juni 2020, wakati wa mapambazuko. Pete hiyo ya moto haifai kutazamwa kwa macho matupu hata dakika yake moja.

Wengine husema, ‘Mimi nilitazama mara nyingi wala sikupofuka.’ Ni kweli kwamba wengi hupona. Baada ya kupatwa kwa jua tarehe 11 Agosti 1999, watu 45 walifika katika hospitali ya mji wa Leicester, Uingereza, wakiogopa kwamba wameharibu macho. Baada ya miezi saba, 4 kati yao walikuwa wangali wakiona alama ya jeraha lile. Na huko Marekani, mwaka 2017, msichana mmoja wa New York alitazama jua lililopatwa, sekunde chache mara kadhaa. Waganga walipopiga picha ya utando wa jicho lake waliona jeraha lenye umbo la mwezi mchanga, yaani umbo lile lile la jua alilolitazama. Hakuna dawa ya kurudisha chembe zilizokufa. Mganga hungoja tu, naye mgonjwa hungoja pamoja naye, pengine miezi sita.

Sasa tuseme juu ya hila zinazotumiwa mitaani mwetu. Wako wanaotazama jua katika beseni la maji. Maji hurudisha sehemu ndogo ya mwanga, karibu 2 kwa mia jua likiwa juu, na watu huona hiyo ni kidogo. Lakini kioo cha kufaa hupitisha kama sehemu moja katika 100,000. Picha za hospitali za kupimia mifupa hazifai, wala kioo kilichopakwa masizi, wala miwani myeusi ya sokoni, hata ukivaa miwili pamoja. Hupunguza ukali unaoonekana, na mionzi isiyoonekana hupita, tena kwa raha zaidi, maana mboni ya jicho hupanuka katika giza hilo. Miwani iliyofanywa hasa kwa kutazama jua, yenye alama ISO 12312-2, isiyochanika wala kukwaruzwa, ni salama. Vilevile kioo cha mafundi wa kulehemu vyuma, namba 14. Namba ndogo za kazi ya kila siku hazitoshi.

Walimu wanaweza kuwafundisha watoto njia isiyogharimu kitu. Toboa tundu dogo la sindano katika karatasi ngumu, ulipe jua mgongo, na uache mwanga upite katika tundu na kuanguka juu ya karatasi nyeupe. Juu yake utaliona jua, dogo, likiliwa polepole na mwezi. Mwembe mkubwa hufanya kazi hiyo bila karatasi: nafasi ndogo kati ya majani yake huwa matundu, na ardhi yote chini ya mti hujaa miezi midogo midogo. Uzuri huo haumdhuru mtu.

Yafaa tuseme pia neno ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Tangu jambo la Fatima, tarehe 13 Oktoba 1917, wako waamini wanaodhani kwamba kulikazia jua macho ni namna ya ibada. Mwaka 2008, katika wilaya ya Kottayam huko Kerala, Bara Hindi, ilivuma habari kwamba sura ya Bikira Maria yaonekana katika jua. Karibu watu 50 walipata majeraha ya macho. Mwaka 2009, mtu mmoja aliwaita watu kwenye mahali pa hija pa Knock, nchi ya Ireland, akiahidi ishara. Maelfu walikwenda wakatazama jua. Baadaye waganga wa macho wa Galway walieleza kwamba wamepokea wagonjwa wa jeraha hilo kuliko desturi. Askofu Mkuu wa Tuam alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mikutano ya namna hiyo ni ya kusikitikia, si ya kutiwa moyo, na kwamba kutafuta maajabu hakumpi Mungu utukufu. Mama anayempeleka mtoto wake mkutanoni na kumwambia ‘tazama bila kupepesa’ hampeleki kwa Mungu. Ampeleka kwa mganga, na mganga hana dawa.

Liko na jeraha lingine, la polepole, lisilo na siku yake. Mionzi ya jua isiyoonekana huingia jichoni kila siku, mwaka baada ya mwaka, nayo huzidi milimani: kila mita 1,000 unazopanda huongeza karibu asilimia 10. Theluji ndiyo inayoirudisha kwa nguvu kuliko vyote, hata wapandaji wa Ruwenzori wasiovaa miwani huamka usiku na macho yenye maumivu kama yamejaa mchanga. Maumivu hayo huisha baada ya siku moja au mbili. Yasiyoisha upesi ni kile kinyama kinachotambaa kutoka kona ya jicho karibu na pua, ambacho wakulima na wavuvi wanakijua, na mtoto wa jicho anayewapofusha wazee. Tusiseme kwamba mtoto wa jicho hutoka katika jua tu. Uzee ndio mama yake mkubwa, na ugonjwa wa sukari na tumbaku husaidia. Lakini jua lina fungu lake. Mwaka 1988 Hugh Taylor na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, Marekani. Wale waliopigwa na mionzi hiyo kuliko wenzao, katika maisha yao yote ya kazi, walikuwa na hatari mara tatu na zaidi ya kupata namna moja ya mtoto wa jicho, ile inayoanza pembeni ya kioo cha jicho.

Baba zetu wanaovua katika Tanganyika na Kivu wanafanya kazi ile ile, jua juu na maji chini. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, hata ya majani ya kusuka, hupunguza karibu nusu ya mionzi inayofika machoni. Kofia ya timu ya mpira hulinda paji la uso, huacha pembeni wazi. Miwani ni vizuri ikiwa imeandikwa UV400. Lakini mwenye fedha kidogo na aanze na kofia.