Uyoga Mwekundu na Dhamana ya Mwenye Kuuza



Tumeletewa swali na dada yetu mmoja aliyeolewa Kona Baridi, huko Kajiado, pale barabara ya Magadi inapoipita Kiserian na kuanza kuteremkia Bonde la Ufa. Asema kwamba akina mama wa mtaani kwake, kwa ule upepo wa Ngong, hukutana jioni wakanywa kahawa, na sasa kahawa yenyewe imebadilika. Huja katika vipakiti, nayo imechanganywa na unga wa uyoga kutoka Asia ya Mashariki. Mavyaa wake, mwenye kisukari na shinikizo la damu, ameambiwa na mwenziwe wa chama kwamba akiinywa miezi mitatu hatahitaji tena vidonge vya hospitali. Bibi wa watu ameshaanza kuviruka. Dada yetu atuuliza: je, uyoga huu ni dawa? Na je, yafaa yeye naye aiuze kahawa hii, kwani ameahidiwa kipato?

Tuanze na uyoga wenyewe. Wachina huuita lingzhi, Wajapani huuita reishi, na jina lake la kitaalamu ni Ganoderma lucidum. Huota juu ya magogo na mashina ya miti. Mgongo wake ni mwekundu wa hudhurungi, wang'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Ni mgumu kama ubao, na ladha yake ni chungu. Haupikwi mchuzi kama uyoga wa sokoni, bali hukatwa vipande ukachemshwa kwa muda mrefu, au husagwa unga. Umetajwa katika Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale cha dawa za Kichina kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, na humo uliwekwa katika daraja la juu la dawa. Zamani ulikuwa adimu. Tangu miaka ya 1970 Wajapani walipofanikiwa kuulima kwa wingi, ukawa bidhaa ya kusafirishwa duniani, hata ukafika Kajiado.

Hatuudharau utabibu wa watu wengine. Sisi wa pwani tuna mwarobaini na habasoda, na Wamaasai, ambao ndio wenyeji wa Kajiado, huchemsha gome la olkiloriti katika supu yao. Wala jamii ya uyoga si ngeni katika mafundisho yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa kamaa, ule uyoga uotao chini ya mchanga wa jangwani, ambao hata leo watu wa Ghuba huutafuta baada ya mvua, ni katika jinsi ya mana, na kwamba maji yake ni shifaa ya jicho. Zingatieni kuwa kilichotajwa ni jicho. Na wanavyuoni walioisherehesha hadithi hiyo walijadiliana hata namna ya kuyatumia maji hayo: je, hutiwa jichoni yakiwa peke yake, au huchanganywa na dawa nyingine? Ikiwa katika neno la Mtume watu walichukua hadhari kiasi hicho, basi neno la mwenye kuuza vipakiti lastahili hadhari zaidi.

Je, waliouchunguza lingzhi wamepata nini? Jopo la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilitazama mwaka 2015 majaribio 5 yaliyohusisha watu 398, wengi wao wenye kisukari cha aina ya pili. Halikuona ushahidi wa kuunga mkono kuutumia uyoga huu kutibu mambo yaletayo maradhi ya moyo kwa wagonjwa hao, na miongoni mwa mambo hayo ni sukari na shinikizo la damu. Kuhusu saratani, mapitio ya 2012 yalitazama majaribio 5 yenye wagonjwa 373, yakasema ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya mwanzo. Ila waweza kufikiriwa kama nyongeza ya matibabu ya hospitali. Nyongeza, si badala. Na zaidi ya hayo, uyoga huu waweza kuzidisha kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wako watu walioripotiwa kudhurika ini baada ya kuutumia unga wake.

Kisha someni maandishi yaliyo nyuma ya pakiti. Kahawa nyingi za namna hii zimetiwa sukari na krimu. Mgonjwa wa kisukari aliyeacha vidonge vyake akanywa vikombe vitatu kwa siku, huyo amejiongezea maradhi huku akidhani anajitibu.

Sasa swali la pili. Kuuza kinywaji kilicho halali, kwa bei inayojulikana na bila uongo, hakuna ubaya. Taabu huanza pale kinywaji kinapopewa sifa za dawa. Muuzaji wa kahawa hii mara nyingi hulipwa mara mbili: kwa pakiti aliyouza, na kwa kila mtu aliyemwingiza chini yake. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa mcha Mungu, ana maslahi katika ushauri wake. Na kipato kinapotokana zaidi na viingilio vya watu kuliko bidhaa yenyewe, hapo pameingia gharar, nasi twamshauri dada yetu ajiepushe.

Lakini kubwa kuliko kipato ni dhamana. Imepokewa na Abu Daud kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, yeye ndiye mwenye kubeba dhamana ya madhara. Anayemwambia mwenziwe "acha vidonge" amejitia utabibu, ijapokuwa alisema kwa huruma, na ijapokuwa alisema barazani juu ya kikombe cha kahawa. Mfa maji haachi kutapatapa. Mgonjwa aliyechoka atashika lolote analonyoshewa. Kwa sababu hiyo anayemnyoshea hana budi kujua anachomnyoshea.

Basi dada yetu, usimkemee mavyaa wako wala usimwaibishe mbele ya wenziwe. Keti naye kwa adabu, mwombe avirudie vidonge vyake, na umpeleke kituo cha afya siku hizi hizi, apimwe sukari na shinikizo la damu. Chukueni na ile pakiti, daktari aione. Akiruhusiwa kunywa, na anywe kama kahawa. Na yeyote mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mimba, anayetarajia kupasuliwa, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiuguse kabla ya kumwuliza daktari.

Nanyi akina mama wa vyama, ulizaneni jambo moja kabla ya kuuziana: imesajiliwa kuwa dawa, au inauzwa kama chakula tu? Nchini Kenya dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kisichosajiliwa kuwa dawa kisisifiwe kwa mgonjwa kuwa ni dawa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na azihifadhi ndimi zetu zisimdhuru tunayetaka kumsaidia. Amin.