Kompyuta ya kwanza ya gemu: anza na stima, kadi itafuata

Leo naweka programu kando tuongee vyuma.

Jumapili nilishika matatu kutoka Kawangware hadi Adams, nikapita katikati ya soko la Toi kwa miguu, nikaingia Makina, Kibera, kwa mama mdogo. Mwanawe amemaliza kidato cha nne, amepiga mjengo miezi minane, na kwenye M-Pesa yake kuna shilingi 48,000. Anataka kujiundia kompyuta ya gemu, ya kwanza maishani mwake. Akanitolea karatasi aliyonakili kutoka video za YouTube: kadi ya picha ya kumeza zaidi ya nusu ya pesa, kasha la kioo lenye taa za rangi, na chini kabisa, "pawasaplai yoyote".

"Kaka, nimekosea wapi?"

Hapo kwenye "yoyote".

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonipinga: ukiunda kompyuta ya bei nafuu katika mitaa yetu, anza na stima. Wale wa YouTube husema weka pesa nyingi iwezekanavyo kwenye kadi ya picha. Kwao ni ushauri mzuri, kwa sababu ukuta wao hutoa volti zile zile asubuhi hadi usiku. Sisi soketi moja hubeba friji, TV, redio na chaja tano, na stima hupotea bila kubisha hodi, kisha hurudi kwa kishindo.

Nayajua haya kwa hasara. Mwaka 2018, nikiwa mwaka wa pili chuoni, niliunda mashine yangu ya kwanza hapa Kawangware. Kasha lilikuja na pawasaplai ya bure iliyoandikwa wati 500. Nikaona ni bahati. Ilifanya kazi wiki sita. Jioni moja stima ikapotea, ikarudi, nikasikia "pa!" na harufu ya plastiki ikajaa chumba. Ubaomama ukaenda, diski ikaenda, na ndani ya diski ulikuwemo mradi wa muhula mzima ambao sikuwa nimeuweka mahali pengine. (Ndiyo, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta asiye na nakala ya pili. Chekeni tu.)

Baadaye niliifungua ile maiti nikasoma kibandiko chake vizuri. Usidanganywe na zile wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari wa volti 12 uone ampea zake, maana prosesa na kadi ya picha hula hapo. Yangu ilikuwa na ampea 15. Zidisha: 12 mara 15 ni wati 180. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 hukaribia ampea 40 kwenye mstari huo. Zangu nyingi zilikuwa wino tu. Hata uzito ungeniambia kitu. Ilikuwa nyepesi kama sanduku la viberiti.

Basi, karatasi ya dogo tuliiweka kando. Kununua kila kipande kipya kwa 48,000 ni kujitesa, na tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima kwa sababu watengenezaji wanakimbilia kuuzia vituo vya AI. Njia yetu ni ile ya mitumba: kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji wa mjini huziita ex-UK. Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Ina RAM na SSD ndani tayari, na pawasaplai yake ni ndogo lakini wati zake ni za kweli.

Chagua prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi haikubali kizazi cha 7 kushuka chini isipokuwa modeli chache sana. Core i5-8500 ina kori sita, inatosha kabisa. Na chukua kasha refu la kusimama. Lile jembamba ni zuri kwa meza, lakini kadi ya kawaida haiingii, utaanza kutafuta kadi fupi na kuzilipia zaidi.

Mtego uko hapa. Pawasaplai ya mashine hizi ni wati 200 hivi au 260, haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya picha, na plagi yake ya ubaomama mara nyingi si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kuchomeka nyingine yoyote ukitaka kuibadilisha. Kadi yako lazima ile umeme wa nafasi yake kwenye ubao peke yake, na hapo kikomo ni wati 75. Kwa hiyo kadi ni GTX 1650, ile isiyo na tundu la waya. Angalia kwa macho, kwa sababu kuna GTX 1650 zenye tundu pia. GTX 1050 Ti ni rahisi zaidi, ila NVIDIA ilimaliza kuitolea draiva za gemu mpya Oktoba 2025. RX 6400 hula wati 53 tu na inavutia, lakini hutumia njia nne pekee za PCIe, na kwenye ubao wa kizazi cha 8 inapungua nguvu.

Halafu kuna kadi feki: jina la 1050 Ti, ndani chipu ya zamani sana iliyobadilishwa programu yake ili idanganye Windows. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi. Tangu toleo la 2018 inazitambua feki za NVIDIA. Muuzaji akikataa usiijaribu mbele yake, muage.

Hesabu tuliyokadiria: mashine 22,000, kadi 14,000, RAM ya kuongezea ili ziwe vipande viwili 4,500, na 7,000 ni UPS yenye AVR, yaani inayosawazisha volti. Hiyo UPS ndiyo tuliyobishania. Dogo aliona 7,000 hizo zingempa kadi kubwa zaidi. Nikamwambia habari ya "pa!". Akanyamaza.

Mama mdogo naye alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. "Pesa ya kubeba mawe, mwanangu, inaenda kununua mchezo?" Hapa wengi wetu hukimbilia kusema kijana atajifunza kuprogramu. Huenda akajifunza, mashine hiyo itaendesha Blender na Godot bila shida. Lakini sikutaka kumdanganya mama mdogo. Ni ya kucheza. Kwenye kibanda cha PlayStation pale mtaani analipa shilingi 20 kwa mechi, na 48,000 ni mechi 2,400 ambazo zikiisha hana hata waya mkononi. Na watoto wa Lavington, ng'ambo tu ya Kawangware, hakuna anayewauliza kompyuta yao itawafunza nini.

Jumamosi tunakwenda Luthuli Avenue. Skrini hatununui, tutachomeka HDMI kwenye TV ya sebuleni. Mama mdogo amekubali kwa sharti moja: saa moja jioni ni taarifa ya habari.