Breki ya Kubembelezwa Si Breki

Katika mkutano wa chama chetu cha baiskeli muhula uliopita palizuka mabishano makubwa, nami kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla sijamaliza maneno yangu, namwomba Mhariri anipe nafasi niyamalize humu.

Jambo lenyewe ni hili. Shule yetu ina baiskeli tisa za milimani tulizopewa na wazee wetu waliosoma hapa. Hizi si kama zile baiskeli za chuma tunazoziona kila asubuhi zikisukumwa na matoke kwenda soko la Kabale. Zile hufunga breki kwa vyuma au kwa waya. Hizi hufunga kwa mafuta yaliyomo ndani ya mpira mwembamba, na pedi zake hubana diski iliyofungwa katikati ya gurudumu. Sasa breki za baiskeli nne zimelegea. Ukivuta mkono wa breki, unabonyea kama sifongo hata unagusa usukani. Wenzetu wengine wanasema tuzing'oe zote, tufunge za waya. Wengine wanasema si kitu, vuta mara mbili tatu nayo itashika. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea, na kundi la pili limekosea zaidi. Nina haki ya kulisema, kwani nilikuwa mmoja wao.

Mwaka jana baiskeli yangu ilikuwa na breki ya namna hiyo. Niliizoea. Kila nilipokaribia mteremko nilivuta mara moja, nikaachia, nikavuta tena, nayo ikawa ngumu. Nilijiona fundi. Jumamosi moja tulikwenda ziwa Bunyonyi, na wakati wa kurudi mvulana wa kidato cha kwanza akaniambia, "Kaka, naomba nijaribu yako." Nikampa. Nikamwambia, "Breki ya mbele ivute mara mbili, usisahau." Basi tukavuka mgongo wa kile kilima kilicho kati ya ziwa na mji, tukaanza kuteremka. Kwenye kona mbuzi akakatiza njia. Mtoto yule akavuta mara moja tu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye hofu angefanya. Akaingia mtaroni, akavunjika mfupa wa mtulinga. Mbuzi hakuumia.

Alipokuwa amelala hospitali nilikwenda kumtazama. Hakunilaumu. Alisema, "Nisamehe kaka, nilisahau kuvuta mara ya pili." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Kosa lilikuwa langu, naye alikuwa akiniomba radhi!

Tufanye hesabu ndogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 katika sekunde moja. Mtu akipoteza sekunde moja kuvuta mara ya kwanza ili apate breki katika mara ya pili, amekwisha kupita urefu wa chumba cha darasa. Nani aliyeahidiwa kwamba mbuzi, au mtoto, au lori, litangoja?

Sasa tuulize kwa nini breki hulegea. Jibu tunalo katika somo la fizikia, ila hatulitoi darasani. Blaise Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba ukisukuma kimiminiko kilichofungiwa, msukumo huo huenea sawasawa kila upande. Mafuta hayakubali kubanwa, ila kidogo mno. Kwa hiyo vidole vikisukuma pistoni ndogo iliyo kwenye usukani, pistoni za chini kwenye kalipa husukumwa nazo zikabana pedi. Lakini hewa hubanwa. Kiputo kimoja kikiingia katika mpira, nguvu ya vidole huishia kukibana kiputo, wala haifiki kwenye diski. Ndiyo maana mafundi wa magari husema, "Breki ina upepo."

Kuvuta mara mbili hakutoi upepo. Kunasukuma tu mafuta mengine kutoka kwenye kikopo cha juu na kuzisogeza pedi karibu na diski kwa kitambo kidogo. Ukiachia, kiputo kipo palepale.

Wale wanaotaka breki za waya wana hoja, nami sitaki kuwadhulumu. Waya hupatikana katika kila duka, na kila fundi wa kando ya barabara anaujua. Mtu anayeishi mbali na mji na kusafiri peke yake, namshauri achukue waya. Lakini sisi tuko shuleni. Tuna maabara, tuna karakana, tuna walimu. Tena waya nao hufunguka, hushika kutu, hukatika. Anayeshindwa kutunza mafuta hatautunza waya pia. Na wanaosema hivi ni vitu vya Wazungu tu wakumbuke Septemba 2025 huko Kigali, ng'ambo ya mpaka wetu, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanywa Afrika kwa mara ya kwanza. Vilima vile ni ndugu wa vilima vyetu, na timu kubwa ziliviteremka kwa breki za diski za mafuta.

Basi nimeamua kueleza kazi yenyewe, ili asiwepo mtu wa kusema haiwezekani.

Kwanza hakikisha ugonjwa. Mkono wa breki ukiwa mgumu lakini baiskeli haisimami, huo si upepo. Huenda pedi au diski imeingia mafuta. Ukiushikilia nao ukazidi kuzama polepole, tafuta mahali panapovuja. Ukiwa laini, kisha ukawa mgumu baada ya kuvutwa mara kadhaa, hapo shuku upepo. Tazama pia pedi. Breki zetu ni za Shimano, na pedi ikibaki unene wa nusu milimita haifai tena. Pedi zikilika, pistoni husogea, mafuta ya kikopo hushuka na kuacha nafasi ya hewa. Halafu mtu akiigeuza baiskeli kichwa chini ili azibe pancha, hewa ile hukimbilia mpirani.

Pili, pata mafuta yanayostahili. Hapa nina kosa la pili la kuungama. Baada ya ajali ile nilitaka kutengeneza kwa haraka, nikanunua mafuta ya breki ya DOT 4 katika duka la vipuri vya pikipiki, nikayatia. Shimano hutumia mafuta ya madini, na mipira ya ndani iliyotengenezwa kwa mafuta hayo huharibiwa na DOT. Baada ya siku chache mipira ilivimba, mkono wa breki ukakataa kurudi, na breki nzima ikatupwa. Magura na Tektro nao hutumia mafuta ya madini. Hope na breki nyingi za Hayes hutumia DOT. Soma kilichoandikwa juu ya breki yenyewe. Usiulize rafiki.

Tatu, toa upepo. Ondoa gurudumu, ondoa pedi, weka kibao cha kuzuia pistoni mahali pa pedi. Bila kibao hicho ukivuta breki pistoni zitatoka nje. Weka mkono wa breki sambamba na ardhi, fungua skrubu ya juu, funga faneli yenye mafuta kidogo. Chini kwenye kalipa vika mpira mwepesi uliounganishwa na bomba la sindano lisilo na sindano, lililojaa mafuta. Fungua chuchu ya kalipa kwa spana, kidogo tu, usukume mafuta polepole yapande. Hewa hupenda kwenda juu. Utaviona viputo vikitokea katika faneli. Gongagonga mpira kwa mpini wa bisibisi ili vilivyojificha vitoke. Funga chuchu, kisha vuta na kuachia mkono wa breki mpaka viputo viishe na mkono uwe mgumu. Ziba faneli, iondoe, rudisha skrubu, pangusa kila tone kabla ya kurudisha pedi, kwani tone moja huziharibu. Mwisho vuta kwa nguvu, na ujaribu uwanjani kabla ya kwenda mlimani.

Kazi hiyo sasa hunichukua chini ya saa moja. Mara ya kwanza ilinichukua alasiri nzima, na shati likachafuka.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu kwa chama. Baiskeli yoyote isipite lango ikiwa mkono wa breki unagusa usukani kwa mvuto wa kwanza. Narudia, wa kwanza. Mwanachama asipewe baiskeli ya kwenda Bunyonyi kabla ya kutoa upepo wa breki moja mbele ya mkubwa wake. Na anayejua hila ya kuibembeleza baiskeli mbovu asiifiche wala asimfundishe mdogo. Aandike katika daftari kwamba ni mbovu.

Kwenu wazee mliopita hapa, tunashukuru kwa baiskeli. Mkitaka kutusaidia tena, msituletee ya kumi. Tuleteeni chupa ya mafuta ya madini, faneli moja na pedi za akiba. Vitu hivyo vidogo havipigwi picha wala havisomwi jina siku ya sherehe, lakini ndivyo vitakavyowarudisha wadogo zenu wazima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa kwa maneno, "ivute mara mbili", na mtoto wa watu akalipa kwa mfupa wake. Mfupa umepona. Mwisho wa mwaka huu naondoka shuleni, na yule mvulana ndiye atakayeshika spana baada yangu. Ameapa kwamba hatampa mtu baiskeli yenye maelezo.