Ndoana ya mkiani ni ya mvuvi wa kitoweo, si ya mpiga picha

Ligi ikisimama kupisha mechi za timu za taifa, mashabiki wa Simba na Yanga hubaki na wikiendi tupu. Wapo wanaoimalizia kwenye bao na drafti, na wapo wanaoteremka ufukweni Kunduchi, Mbweni au Bagamoyo kutafuta kitoweo. Huko nako kuna ubishi, ila hauhusu nani apewe namba tisa. Unahusu ndoana ya pili, ile ndogo inayofungwa nyuma ya ndoana kubwa ikakaa karibu na mkia wa chambo. Kuna wanaosema ni ujanja wa kumwonea samaki. Hao wakae kidogo, waelezwe kwa lugha ya uwanjani.

Fainali ya Kombe la Dunia 2002, Yokohama. Rivaldo anapiga shuti kutoka mbali, Oliver Kahn anaudaka mpira halafu anautema. Pale ulipotemwa, Ronaldo ameshafika. Bao. Rivaldo alifanya kazi yake na kipa alishausimamisha mpira, lakini Brazil walikuwa na mtu wa pili aliyekaa pale makosa yanapoangukia. Hakuna aliyesema Brazil wameiba. Ndoana ya mkiani ndiye Ronaldo wa kwenye mshipi, na mkondo wa bahari kati ya Bagamoyo na Unguja una samaki mmoja anayemlazimisha mvuvi kuwa na mtu wa pili. Anaitwa nguru.

Nguru ni samaki wa mbio, mwembamba, meno yake yamepangwa kama ya msumeno. Anavuliwa zaidi kwa kurambaza, yaani mshipi unaburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, iwe ngalawa yenye tanga au boti ya mashine. Chambo anaweza kuwa kibua mzima. Ndoana moja inapita kichwani mwa kibua ili avutwe akiwa ananyooka majini kama aliye hai. Tatizo linaanzia hapo. Mara nyingi nguru hamezi chambo kizima kwa mkupuo. Anakuja kasi kutoka nyuma, anakata mkia ili windo lishindwe kukimbia, kisha anageuka kumalizia kilichobaki. Mvuvi anahisi mshipi umegutuka, anavuta, anakuta kichwa cha kibua kimening'inia kwenye ndoana safi kabisa isiyo na samaki. Kibua kimekatwa katikati, utadhani kimepitiwa na kisu cha muuza samaki.

Hiyo kwa mpira ni shuti lililogonga mwamba. Ikitokea mara nne kwa siku moja, chambo kimekwisha, mafuta ya mashine yamekwenda, na pale soko la samaki Bagamoyo mnada unafanyika bila yeye. Ndiyo sababu waya mfupi unafungwa kwenye ndoana ya kwanza, na mwisho wa waya inawekwa ndoana nyingine, ndogo kidogo, ichomekwe kwenye nyama karibu na mkia. Lazima uwe waya, maana nailoni kwa meno yale ni uzi wa kushonea. Nguru akija kukata mkia, anakutana na chuma.

Kazi yenyewe inataka mkono. Waya ukiwa mfupi mno, kibua kinajikunja na kuanza kuzunguka majini kama pangaboi, na samaki mwenye akili zake hasogei. Ukiwa mrefu mno, ndoana inabembea nje ya chambo, inamnasa samaki tumboni au kwenye jicho, au inajifunga kwenye mshipi wenyewe. Kipimo kizuri ni pale chambo kinaponyooka na waya unalegea kidogo tu. Straika naye ni hivyo hivyo. Akikaa mbali na goli mpira wa kutemwa haumfikii, akijibana mstarini kibendera kinapanda.

Sasa huyu mvuvi ameonea nini? Ana mshipi mmoja, chambo kimoja, na anamfuata samaki mmoja aliyejileta mwenyewe. Pwani hii imeteswa na baruti zilizosambaratisha matumbawe, na nyavu za kukokota zinazozoa mpaka vifaranga vya samaki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimepiga marufuku mambo hayo. Mtu wa mshipi, hata akiwa na ndoana mbili, bado ni mchezaji anayecheza mpira. Kumpa yeye kadi wakati wenye baruti walichezea miguu ya watu miaka na miaka ni uamuzi wa mwamuzi aliyekuwa ameangalia jukwaani.

Upande wa pili wapo wanaovua kwa michezo. Wanatoka na boti, fimbo za kuvulia na mashine za kukunja mshipi, wengine wanatumia chambo bandia cha manyoya kinachorushwa kwa uzito wa kamba yenyewe. Hao wana chama chao cha dunia, IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939, na kina sheria zake kama FIFA ilivyo na zake. Kwa chambo cha samaki, IGFA inaruhusu ndoana zisizozidi mbili, zote zikiwa zimeshikamana na chambo, na matundu ya kufungia yasiachane zaidi ya inchi 18. Ndoana inayobembea yenyewe nyuma imekatazwa. Kwa chambo cha manyoya ndoana mbili zinaruhusiwa pia, lakini matundu yasizidi inchi 6, ya nyuma isichomoze kupita manyoya, na ndoana ya matawi matatu haina ruhusa.

Sheria hizo ni nzuri, ila hazijamaliza kesi. Zinasema rekodi ipi ni halali. Hazimsaidii samaki anayerudishwa majini. Wengi wa wavuvi hawa wanampiga picha samaki kisha wanamwachia, na hapo ndoana ya pili inageuka kuwa rafu. Samaki amenaswa mdomoni na ya kwanza, anahangaika, ya pili inamshika kwenye mashavu ya kupumulia au inamtoboa jicho. Akiachiwa ataogelea mita chache, mpiga picha atafurahi, na huko chini atakufa bila kuliwa na mtu. Mvuvi wa Bagamoyo akimtoboa nguru jicho, jioni ile ile nguru yuko kwenye sufuria. Hesabu za watu hawa wawili hazifanani, na si sawa wapewe ruhusa ile ile kwa kuwa tu wote wameshika mshipi.

Dawa ipo, tena rahisi. Mafundi wa chambo cha manyoya wanakata ncha ya ndoana ya mbele na kubakisha mti wake tu wa kufungia manyoya, halafu wanaiacha ya mkiani ifanye kazi peke yake. Nguru akiuma mkia ananaswa, na hakuna chuma kingine cha kumchana. Kile kijino kinachozuia ndoana isichomoke kinabanwa kwa plaisi, basi samaki anaachiwa haraka bila kupasuliwa mdomo. Anaweza kuponyoka, ndiyo. Mtu aliyekusudia kumwachia amepoteza nini?

Kuna mkono wa mvuvi pia, jambo ambalo wabishi wa ufukweni hulisahau. Nguru akiingizwa kwenye ngalawa akiwa hai anajirusha kwa nguvu zote, ndoana moja imo mdomoni na nyingine inapepea hewani ikitafuta nyama. Ikiingia kwenye kiganja, samaki yule yule anaendelea kuvuta upande wa pili, na hospitali iko nchi kavu, upepo wa kusi unavuma. Kwa hiyo anayefunga ndoana mbili awe na rungu la kumtuliza samaki kwanza na plaisi ya kukatia waya, viwe karibu na mkono, visifichwe chini ya tanga. Na boti zinazopeleka wageni kuvua kwa michezo zitoke na chambo cha ndoana moja tu ya mkiani, iliyobanwa kijino. Mgeni akitaka ya pili, aulizwe kwanza kama atamla huyo samaki.